Barua ya Tatu

Jumapili, 2 Agosti 1998

Sijamwambia mtu yeyote. Barua ziko tatu. Mtaa wetu wote, Mfaranyaki, unajua mbili tu.

Basi, nimeandika. 

Ya kwanza ni ya chuo kipya cha binafsi, Dar es Salaam. Karatasi nene, inang'aa, nembo ya rangi mbili. Ada yao wanataka kwa dola — dola! Baba aliisoma mara moja, akaikunja, akaichomeka nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu. Hakuna aliyeitaja tena.

Ya pili ni ya chuo cha kanisa, kule kaskazini. Nacho ni kipya, hakijatoa hata daktari mmoja. Lakini Jimbo litanilipia kila kitu, ada, chakula, vitabu, mpaka nauli, na nikimaliza nitatumikia hospitali ya Jimbo miaka mitano. Barua hiyo ilipitia sanduku la posta la parokia, kwa sababu sisi hatuna sanduku letu. Kila Jumapili baada ya matangazo Mzee Raphael, katekista wetu, husimama na bahasha mkononi akaita majina. Siku ile hakuishia kwenye jina. Alisema, "Binti Aidani amepata udaktari!" Vigelegele kanisa zima. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ya tatu ni ya Muhimbili.

Hiyo haikupitia kanisani. Jumatano nilikwenda shuleni kuchukua cheti changu, karani akaniambia, wewe binti, barua yako inakaa hapa wiki mbili, unadhani hapa ni posta? Bahasha ya kaki. Karatasi nyembamba, maandishi ya stensili yamefifia, jina langu limejazwa kwa kalamu. Nimechaguliwa. Nijibu kama nakubali, jibu lifike mwanzoni mwa Septemba.

Niliikunja mara nne nikaitia ndani ya soksi. Sijui kwa nini. Hapana — najua kwa nini. Nitaandika kesho. Leo tumepukuchua mahindi tangu tulipotoka misa, vidole vinawaka.

Jumatatu, 3 Agosti

Kwa nini.

Muhimbili, kule Dar, ni chuo cha Serikali. Serikali inalipa ada, lakini siku hizi kuna kuchangia. Nauli yako, vitabu vyako, sehemu ya chakula, na mahali pa kukaa kama hukupata bweni. Si kama zamani. Mama anasema zamani mtoto alipewa mpaka waranti ya treni. Sasa ni soko huria, hata kusoma.

Baba hana kazi. Alikuwa mteuzi wa tumbaku kwenye ushirika miaka ishirini na mmoja. Yeye ndiye aliyekuwa anapita kwenye marobota ya wakulima na kusema hili daraja la ngapi. Yakaja makampuni, ushirika ukapunguza watu, naye akapunguzwa. Sasa anauza nguo za mitumba. Anafunga mzigo kwenye baiskeli yake ya Foniksi, anazunguka magulio, leo Mshangano, kesho njia ya Namtumbo. Hiyo baiskeli ndiyo sufuria yetu.

Namjua baba. Akiiona barua ya Muhimbili hatasema neno. Atauza baiskeli.

Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni Devota.

Devota tulikaa dawati moja tangu kidato cha tano. Yeye ndiye wa akiba kwenye orodha ya Jimbo. Nafasi ni moja. Mimi nikiiacha, anaingia yeye. Nisipoiacha, hana pa kwenda, maana kwingine kote hakuchaguliwa. Alinizidi fizikia, nikamzidi kemia, tofauti yetu ni pointi moja.

Kwa hiyo nikikaa kimya, baba anabaki na baiskeli yake. Nikisema, Devota anakuwa daktari. Na mimi?

Mimi naitaka Muhimbili. Shuleni, kwenye ukumbi mdogo wa maabara, kuna ubao wa majina ya wasichana waliokwenda huko. Watatu katika miaka kumi. Kazi yangu ya zamu ilikuwa kuufuta vumbi. Miaka miwili nimefuta vumbi majina ya watu watatu, na chini yao pana nafasi.

Ndiyo. Naitaka. Naona aibu hata kuliandika.

Jumatano, 5 Agosti

Upepo. Vumbi limeingia mpaka kwenye unga. Nimechota maji mara nne, nimekaanga maandazi ya Mama, nimefua. Leticia — mdogo wangu, ana miaka tisa na anapekua kama panya — alikuta soksi yangu akauliza kwa nini inalia kama karatasi. Nikamwambia ni dawa ya nondo.

Nimedanganya mtoto. Nimehamisha barua. Iko ndani ya jalada la daftari hili.

Ijumaa, 7 Agosti

Bomu Dar es Salaam. Ubalozi wa Marekani. Na Nairobi pia, karibu wakati uleule. Redio imesema watu wamekufa, majeruhi wamepelekwa Muhimbili.

Duka la Mzee Salum lilijaa watu waliokuja kusikiliza redio yake. Hakuna aliyenunua hata kiberiti. Mama alinishika mkono mbele ya watu wote akasema, "Mungu anatupenda. Mwanangu anakwenda kaskazini." Aliyarudia njia nzima wakati tunarudi. Kaskazini, kaskazini.

Mimi nilikuwa nawaza wale majeruhi. Na wale wanafunzi wa udaktari, kama leo waliitwa wodini. Nilijiona nimesimama nao. Halafu nikajichukia, watu wamekufa na mimi najiwazia mwenyewe.

Jumamosi, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Sikutaka kwenda, Baba akasema twende ukanyooshe miguu. Tulikwenda watatu, Baba, mimi na Mzee Salum.

Mzee Salum ni wa Namtumbo. Alilima tumbaku ya moshi kabla ya kufungua duka, na Baba ndiye aliyekuwa anaipanga daraja. Mpaka leo hawajamaliza.

"Mwaka themanini na nne uliniteremsha daraja, mtani! Watoto wangu wakala mlenda mwaka mzima!"

"Robota lako lilikuwa na maji."

"Maji! Lilikuwa jasho langu lile!"

"Basi lilikuwa jasho jingi."

Na kila mara Mzee Salum lazima amalizie kwa baiskeli. "Siku ukichoka kumpanda huyo mnyama niletee mimi, nimfunge kamba dukani, ale nyasi." Baba anamjibu, ukiniona nimekuletea, ujue nimekufa.

Kampuni moja ya wanunuzi ilikuwa imepanga marobota ya maonyesho. Majani ya juu mazuri, meusi, yana mafuta. Kijana wao aliyevaa kofia alikuwa anaeleza. Baba hakumsikiliza. Alikwenda moja kwa moja, akatia mkono katikati ya robota mpaka kwenye kiwiko, akafumba macho. Kijana akapiga kelele, mzee, usiguse! Baba akatoa mkono, akanusa vidole, akasema tu, "Haya." Tukaondoka.

Njiani nikamuuliza alikuta nini. Akasema, "Siwezi kulitamka, ni la mwenye robota."

Hiyo ni desturi yake. Mzee Salum akanieleza, na safari hii hakuwa anatania. Alisema wateuzi wengine walikuwa wanapiga kelele, daraja la tano hili, takataka hii!, mkulima anafedheheka mbele ya mke wake. Baba yako hakutamka kamwe. Alitia mkono, akaandika kwenye kikadi, akakichomeka chini ya kamba, akapita kwenda kwa mwingine. Ukitaka kujua ulichopata, uinamie robota lako mwenyewe, usome.

Baba akasema wakulima wote wanaficha mabovu katikati na mazuri wanayaweka juu. Miaka ishirini na mmoja, mara moja tu alikuta kinyume. Mama mmoja mzee, mjane. Majani ya juu yamekunjamana, huwezi kuyataka. Katikati — hajawahi kuona majani kama yale.

"Kwa nini alifanya hivyo?"

"Alisema aliogopa macho ya majirani."

"Ukampa daraja gani?"

"Nilitia mkono, mama," akaniambia, kana kwamba hilo ndilo jibu. Baba akiniita mama huwa nakosa pa kuangalia. Nikatazama barabara.

Jumatano, 12 Agosti

Shangazi Skolastika amekuja kutoka Peramiho. Yeye ni muuguzi, miaka mingi wodini, anatembea kwa haraka hata ndani ya nyumba. Ameniletea soksi nyeupe na saa ya kubana kifuani. Saa haitembei! Anasema itatembea nikifaulu mwaka wa kwanza.

Nilimuuliza, nikijifanya kuuliza tu: kati ya chuo cha zamani chenye jina na chuo kipya, kipi bora? Akacheka. Akasema wagonjwa wake hawajawahi kumuuliza daktari kasoma wapi, wanauliza kama mikono yake ni ya baridi. Halafu akaongeza kwamba madaktari wenyewe, ndio huulizana. Na wakubwa wizarani. Jina la chuo linakufuata mpaka unazeeka.

"Kwa nini unauliza? Wewe una uchaguzi?"

"Hapana, shangazi. Shikamoo."

Nilimwamkia tena! Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi. Akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Jumamosi, 15 Agosti

Kupalizwa kwa Bikira Maria. Misa ndefu. Jumuiya yetu ilikaa baada ya misa kwa Mama Mathias na imepanga kuniaga Jumamosi tarehe 29, saa kumi, nyumbani kwetu. Jumatatu tarehe 31 naondoka na basi la alfajiri. Kila nyumba italeta kitu, mahindi, maharage, karanga, vya safari na vya wageni. Wengine wameshaanza. Debe tatu za mahindi ziko sebuleni, ninaziruka kwenda kulala.

Watu hawa hawana kitu. Mama Mathias mwenyewe paa lake limetobolewa na mvua za El Nino na bado hajaziba. Ameleta karanga.

Nimechoka kushukuru. Mungu anisamehe. Uso wangu unauma kwa kushukuru.

Jumatano, 19 Agosti

Devota amekuja na kifurushi cha nguo chini ya kwapa. "Fumba macho, daktari." Nikafumba. Akanivisha kitu.

Koti jeupe! Amelishona mwenyewe, kwa shuka la mtumba, kwa cherehani ya bibi yake wa Mshangano. Mifuko mitatu. Kwenye mfuko wa kifuani ametarizi kwa uzi wa bluu: Dkt. E.

Mikono ilinifunika mpaka kucha. Pindo lilinifika karibu na vifundo. Devota alicheka mpaka akakaa chini. "Nimepimia mwili wangu! Nilijua unalingana na mimi, kumbe u mfupi hivi! Miaka miwili dawati moja na sikujua u mfupi!"

Mama akacheka, Leticia akacheka. Mimi nikacheka. Devota akalivua kwangu, akalivaa yeye ili aone pa kupunguza. Lilimkaa. Mabegani, mikononi, urefu. Alijitazama kwenye kioo cha Baba cha kunyolea, akajigeuza upande mmoja, akajigeuza upande wa pili. Sijui kama wengine waliona. Halafu akasema haraka, "Nitapunguza mikono," akalivua.

Nilitoka nje nikasema naenda kuangalia nguo kwenye kamba. Kamba haikuwa na nguo.

Ijumaa, 21 Agosti

Leo nilitaka kumwambia Devota. Nilimsindikiza mpaka njia panda ya Mshangano. Nilikuwa nimejiandaa: Devota, kuna jambo. Maneno matatu. Kila tukifika kwenye mti najiambia, mti ule. Tukifika, mti ule mwingine. Yeye alikuwa anasema muda wote. Anasema vitu vya kuchekesha kuhusu Mzee Raphael, jinsi anavyoita majina ya barua kama anaita watu mbinguni.

Tulipofika njia panda akasema, "Wewe leo una nini? Umekuwa bubu."

"Nimechoka tu."

"Pumzika. Huko unakokwenda hakuna kulala." Akaenda.

Nimekuwa na aibu tangu mtoto, watu wanasema ni heshima. Leo nimeona si heshima.

Jumapili, 23 Agosti

Mzee Raphael ameita, "Devota binti Mathias!" Ndiyo, Mama Mathias ni mama yake, ndiye huyo wa karanga na paa. Devota anakaa kwa bibi yake kwa sababu hapo kwao panavuja.

Chuo cha ualimu. Amechaguliwa, anatakiwa kufika tarehe mosi Septemba. Watu wakapiga makofi, lakini si vigelegele. Devota alirudi na barua akakaa karibu nami, akanong'ona, "Nitafundisha fizikia. Watoto wako nitawachapa mimi." Nikamtazama. Alikuwa anaangalia mbele, altareni, na alikuwa anatabasamu, na shingo yake ilikuwa inatetemeka.

Tarehe 31 mimi napanda basi. Tarehe mosi yeye anaripoti. Baada ya hapo hata nikisema haitasaidia mtu.

Nilimwona Padri baada ya misa, amesimama mlangoni anawapa watu mkono. Nilikuwa wa nne kwenye mstari. Nikawa wa tatu. Wa pili. Nikampa mkono, nikasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Akasema, "Milele amina, daktari." Nikapita.

Jumanne, 25 Agosti

Nimekwenda posta. Nimeandika majibu mawili. Moja kwenda Muhimbili: nakubali. La pili kwa Jimbo: naomba kuiachia nafasi hii mwenzangu aliye kwenye orodha ya akiba. Nimeyaandika kwa mwandiko mzuri, bila kufuta. Nilikuwa na hela ya stempu.

Nilisimama chini ya ukuta wa posta mpaka mlinzi akaniuliza namsubiri nani. Mbele ya posta Baba alikuwa anapita! Hakuniona. Alikuwa anaisukuma Foniksi, si kuipanda, mzigo wa mitumba umemzidi, anainama kama anaongea nayo. Kuna gulio njia ya Namtumbo kesho. Atakwenda kilomita nyingi kwa miguu miwili ya mzee na magurudumu mawili.

Nikarudi na barua zangu. Njiani nimezichana zote mbili, vipande vidogo vidogo. Vimeruka na upepo.

Nimechoka. Siwezi kuandika zaidi.

Jumatano, 26 Agosti

Leticia amekuta daftari hili! Hakusoma, anasema. Alikuwa anatafuta penseli. Nimetoa barua ya tatu kwenye jalada nikaitia katikati kabisa ya begi langu la safari, ndani ya mikunjo ya shuka, katikati ya sweta na kanga. Begi liko juu ya kabati, hafiki.

Si unaona nilivyo. Barua ya kwenda Dar nimeipakia kwenye begi la kwenda kaskazini.

Alhamisi, 27 Agosti

Nimerudi bombani nimekuta begi limeshushwa, liko sakafuni, limefungwa. Zipu yake ni mbovu, ni begi la mtumba, kwa hiyo Baba amelizungushia kamba ya katani, mara mbili kwa urefu, mara mbili kwa upana, na fundo lile lake la marobota ambalo mimi tangu mtoto sijaweza kulifunga.

Alikuwa ameketi kando yake, anajifuta mikono.

"Limekaa vizuri?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Limekaa."

"Ahsante, Baba."

"Nguo ni chache," akasema. "Huko kuna baridi." Akainuka akatoka.

Huko wapi? Hakusema. Kaskazini kuna baridi. Dar hakuna baridi. Basi alimaanisha kaskazini. Basi hakuona kitu. Nimejiambia hivyo mara kumi.

Ijumaa, 28 Agosti

Baba ameondoka na baiskeli alfajiri, bila mzigo. Amerudi jioni kwa miguu. Mama akamuuliza, iko wapi? Akasema tairi. Iko kwa fundi.

Amekula vizuri. Amemsaidia Leticia hesabu. Baada ya chakula alikaa mlangoni akapiga mluzi, wimbo wa kanisani, wa Pasaka, mwezi wa nane. Mama akamwambia usilete mvua. Sijamsikia akipiga mluzi tangu walipompunguza.

Jumamosi, 29 Agosti

Asubuhi. Posta wanafunga adhuhuri. Ni siku ya mwisho. Nimeamua nitaitoa ile barua nikaichome jikoni, moto wa maandazi unawaka. Iishe. Niende kaskazini na moyo mmoja. Nimelishusha begi. Kamba ile! Nimevunja ukucha. Sasa naogopa nitaifungaje tena, maana ataona.

Baadaye.

Nimeitoa. Ilikuwa palepale katikati, mkunjo wa shuka uleule. Lakini haikuwa peke yake.

Ndani ya mkunjo wa barua kuna kikadi. Kadi ngumu ya zamani, rangi ya udongo, ya ushirika, bado inanuka moshi wa tumbaku. Imepigwa chapa: Jina la mkulima. Kijiji. Uzito. Daraja. Saini ya mteuzi. Na imejazwa, kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wake wa kusimama wima.

Jina la mkulima: Ekaristia Aidani.

Kijiji: Mfaranyaki.

Uzito: hapo ameacha mstari tu.

Daraja: la kwanza.

Amesaini. Na tarehe ni 26. Siku ileile niliyoificha, siku moja kabla hajalifunga begi.

Nimekaa sakafuni nayo. Maandazi yameungua. Mama amenipigia kelele kutoka jikoni, Eka, unataka kutufukuzia wateja! Nikasema nakuja, Mama. Sikwenda.

Saa nane mchana. Leticia ameingia mbio. "Dada, kumbe fundi ni Mzee Salum? Baiskeli ya Baba iko dukani kwake, ndani kabisa, imefungwa mnyororo." Nikamwambia nyamaza. "Na tairi zake nzima zote mbili, nimezibonyeza." Nyamaza, Leticia.

Saa tisa. Mzee Salum amepita hapa na kilo mbili za sukari za shughuli. Baba alikuwa anapanga mabenchi uani. Nilisubiri waanze. Hawakuanza. Mzee Salum hakutaja jasho, hakutaja mwaka themanini na nne, hakumwita mtani. Alimpa Baba mkono kwa mikono miwili, kama watu wanavyopeana msibani au harusini. Kisha akaniona mimi mlangoni. Akasema, "Hongera, binti yangu. Soma." Akaenda haraka.

Posta imeshafungwa. Lakini parokia haijafungwa, na jibu la Muhimbili naweza kulipeleka mwenyewe kwa basi la Jumatatu. Padri anakuja hapa saa kumi, na Mzee Raphael, na jumuiya yote. Mdomo wangu ndiyo posta iliyobaki. Baba amefanya hesabu hiyo, au hakuifanya? Hajaniambia nifanye nini. Hajaniambia kitu chochote. Amechomeka kikadi, akapita.

Saa kumi kasoro. Wameanza kufika, nasikia viti. Mama Mathias yuko uani anasuta watu kwa kukaa nyuma. Naandikia kitandani, mlango nimeuegemeza begi.

Kicheko kikubwa nje. "Daktari kaja! Mpisheni daktari!" Nimechungulia dirishani. Ni Devota. Amekuja kwa miguu toka Mshangano, na koti langu amelipiga pasi, na ili lisikunjike njiani amelivaa. Hakupunguza mikono, au amesahau, au ameshindwa kuikata. Limemkaa kama siku ile. Anawapa mkono wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, wanamwitikia marahaba daktari, naye anakataa kwa kichwa na kucheka, anasema si mimi, si mimi, mwenyewe yuko ndani.

Baba amesimama nyuma ya watu wote, karibu na ukuta, pale baiskeli ilipokuwa inaegemea. Hamtazami Devota. Anatazama dirisha langu.

Wameanza wimbo. Mama ananiita. Sasa Devota naye ananiita, Eka, toka huko, usione haya leo.

Kikadi kiko mkononi. Nakuweka chini ya godoro, daftari langu, na nakuomba kitu kimoja. Chochote nitakachosema huko nje kitajulikana Mfaranyaki nzima kabla ya jua kuzama. Lakini hili la kikadi usimwambie mtu. Baba hasa. Fundo lake nimelifungua na siwezi kulifunga tena, atajua mwenyewe akiliona. Mpaka hapo mwache adhani sijainamia robota langu kusoma.